Mustang ya Pili

Mpenzi wa magari ya zamani hawezi kutazama Bullitt kwa amani. Mkalishe mbele ya hiyo filamu ya 1968, ngoja Mustang ya Steve McQueen na ile Dodge Charger nyeusi zianze kukimbizana kwenye vilima vya San Francisco, na utamsikia akihesabu. Charger ina magurudumu manne, lakini vifuniko vinavyong'oka ni zaidi ya vinne. Ile Beetle ya kijani inapitwa, halafu inapitwa tena, na tena. Sebule nzima inamwambia, "Wee, si utulie tuangalie muvi!"

Mimi niko upande wa anayehesabu. Watu hudhani anajigamba, ati anajua sana. Naona anafanya jambo zito kuliko hilo: anakataa kuamini kwamba gari moja linaweza kuchukua nafasi ya lingine kwa sababu tu rangi zao zinafanana.

Maana Mustang zilikuwa mbili. Moja ilitunzwa zaidi, nyingine ikapewa kazi ya kuruka vilima na kugongagonga chini. Ile ya kwanza ilinunuliwa 1974 na familia moja Marekani, mama mwenye nyumba akawa anaiendesha kwenda kufundisha shuleni. Mwaka wa 1977 McQueen mwenyewe aliwaandikia barua akitaka kuinunua. Wakamnyima. Januari 2020 ikapigwa mnada Florida kwa zaidi ya dola milioni 3, na uchakavu wake vilevile. Ya pili, ile iliyochapwa kazi, ilikuja kutambuliwa 2017 baada ya kutolewa kwenye yadi ya magari mabovu huko Mexico.

Hata madereva ilikuwa hivyohivyo. McQueen aliendesha sehemu kadhaa mwenyewe, lakini kwenye hatari zaidi walimwita Bud Ekins. Sasa niambie ni wangapi wamewahi kusikia jina hilo.

Utaniambia chuma hakisikii uchungu. Kweli, hakisikii. Lakini chukua The Dukes of Hazzard, kipindi cha televisheni kilichoanza 1979 hadi 1985. Waliharibu Dodge Charger kwa mamia. Gari likiruka vile, likitua linapinda, basi limeisha. Kesho linaletwa lingine la rangi ileile ya machungwa. Mwishoni Charger zikawa adimu mpaka wakaanza kurusha vigari vidogo vya mfano. Wapenzi wa Charger bado wanalia na hilo, na siwacheki. Shida ni kwamba wengi wao waliipenda Charger kwa sababu ya kipindi hichohicho. Aliyewapa mapenzi ndiye aliyewamalizia magari, na hapo kusema kweli sijui nimlaumu nani.

Kuna njia nyingine, ya udanganyifu. Kwenye Vanishing Point ya 1971, Dodge Challenger nyeupe inagonga matingatinga na kulipuka. Simamisha picha hapo utazame vizuri: kinachoungua si Challenger, ni bodi la Chevrolet Camaro. Kuna wanaoona wameibiwa. Mimi nilifurahi, nikasema angalau Challenger imepona. Rafiki yangu mmoja, ambaye maisha yake yote ni Chevrolet, hakuona cha kufurahia.