Nani Alishinda Mdahalo Sebuleni Kwenu?



Usiku wa tarehe 11 Februari 2013 nchi yetu iliona jambo ambalo haikuwa imewahi kuliona. Wagombea urais 8 walisimama jukwaani katika shule ya Brookhouse, Nairobi, wakaulizwa maswali mbele ya wananchi wote. Televisheni zilionyesha na redio zikatangaza. Wenye umeme walikusanyika sebuleni, na wasio nao walikwenda kwa jirani au wakatega sikio kwenye redio ndogo ya betri. Mjini na mashambani, tulitazama kitu kimoja kwa saa ile ile.

Lakini je, tuliona kitu kimoja?

Jaribu kukumbuka. Chai iko mezani, na watoto wamekataa kwenda kulala. Linakuja swali juu ya kesi iliyokuwa ikimkabili Bw. Uhuru Kenyatta katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Ataongozaje nchi huku ana kesi? Anajibu kwamba hilo ni jambo lake binafsi, na kwamba ataweza kulibeba na bado akawatumikia wananchi. Hayati Raila Odinga naye anasema itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague.

Baba watoto anapiga paja kwa furaha: "Umesikia hiyo, mama? Amemmaliza!"

Mama watoto anakaa kimya kidogo, kisha anasema: "Mtu yuko na shida, naye anamfanyia mzaha. Huo ndio uongozi?"

Maneno yaliyosemwa ni yale yale. Mmoja amesikia hoja, mwingine amesikia kejeli. Hakuna aliyekuwa amelala, wala hakuna aliye kiziwi. Mdahalo ulipokwisha, kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mtu wake ndiye aliyeshinda, na kila mmoja alishangaa kwamba mwenzake, mtu mwenye akili timamu ambaye amekula naye meza moja miaka yote hii, hakuliona jambo lililo wazi hivyo.

Swali letu mwezi huu ni hili: Je, mtu anayeona upande wake tu anadanganya? Na kama hadanganyi, je, ana kosa?

Macho yetu hayaendi peke yake

Jambo hili si la Wakenya peke yao. Mwaka 1951, vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza mechi ya mpira wa Kimarekani iliyojaa rafu na majeraha. Wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Albert Hastorf na Hadley Cantril, waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ya mechi hiyo hiyo na kuwaomba wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Filamu ilikuwa moja, na kuhesabu si kazi ngumu. Wataalamu hao waliandika matokeo yao mwaka 1954, na mpaka leo yanafundishwa.

Wahenga wetu hawakuhitaji filamu kulijua hilo. Walisema, apendaye chongo huita kengeza.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba binadamu hawezi kabisa kuona sawasawa. Usiku ule ule wa 2013, jukwaani alikuwapo Bw. Mohammed Abduba Dida, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, ambaye wengi wetu hatukuwa tumemsikia kabla ya kampeni. Alizungumza kwa lugha nyepesi, kwa mifano ya nyumbani. Je, mlibishana juu yake? Katika nyumba nyingi hapakuwa na ubishi. Baba na mama walicheka pamoja pale alipochekesha, wakakubaliana pale aliposema la maana, na pale alipokosea wakasema, "Hapo mwalimu ameteleza." Uchaguzi ulipofika alipata chini ya asilimia 1 ya kura.

Basi fikirini. Kwa nini tuliweza kumsikiliza mwalimu kwa haki na hatukuweza kuwasikiliza wale wakubwa? Ni kwa sababu kwake hatukuwa tumeweka kitu. Akishinda hatupati, akishindwa hatupotezi. Macho yetu ni mazima, nayo yanajua kupima. Yanapinda pale moyo ulipokwisha kuweka dau.

Si mwongo, lakini anawajibika

Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni na jingine mdomoni. Kwa kipimo hicho, baba watoto si mwongo, wala mama watoto si mwongo. Kila mmoja anasema kile alichokiona kweli. Kwa hiyo ukimwambia mwenzako, "Acha uongo, wewe mwenyewe umeona," unamkosea. Hakuona ulichokiona wewe, na pengine wewe nawe hukuona alichokiona yeye.

Hata hivyo, kutodanganya si sawa na kuwa mkweli. Mwenye duka ambaye mizani yake imepinda anaweza kusoma kilo kwa moyo safi kabisa, na bado mteja akapunjwa. Siku ya kwanza tutasema hakujua. Lakini ikiwa jirani amemwambia mara tatu, "Mizani yako ina kasoro," naye akakataa hata kuikagua, hapo hatuwezi kumtetea tena. Kosa lake si kwamba alisoma vibaya, bali kwamba alipenda kuendelea kutojua.

Hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Hatuwezi kulaumiwa kwa kuwa na upande. Kila mtu amezaliwa mahali, ana wazee wake, ana mambo yaliyomuumiza na mambo anayoyatumaini. Tunalaumika tunapoambiwa na mtu anayetupenda kwamba mizani imepinda, nasi tukamgeuzia kibao.

Kuna jaribio moja rahisi la kukagua mizani hiyo. Mwaka 2017 mdahalo wa urais ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi. Bw. Kenyatta hakufika, na Bw. Odinga alisimama jukwaani peke yake. Mwaka 2022, katika chuo hicho hicho, ni Bw. Odinga ambaye hakufika, na Bw. William Ruto, aliyekuwa naibu wa Bw. Kenyatta ile mara ya kwanza, ndiye aliyesimama peke yake.

Sasa jiulize kwa unyofu. Ulisema nini mwaka 2017? Na ulisema nini mwaka 2022? Wapo waliosema mara ya kwanza kwamba asiyefika ni mwoga na anawadharau wananchi, na miaka mitano baadaye wakasema kwamba asiyefika ana hekima, kwa nini apoteze wakati wake? Wapo pia waliosafiri njia hiyo hiyo kutoka upande wa pili, wakianza na hekima na kumalizia na woga. Kitendo hakikubadilika. Lililobadilika ni jina la mtu. Kama nawe ulibadili hukumu pamoja na jina, usijifiche. Wengi tulikuwa pamoja nawe katika safari hiyo.

Pale "wewe" inapogeuka kuwa "nyinyi"

Mtauliza, haya yanahusu ndoa kwa njia gani? Siasa huja kila baada ya miaka mitano na kuondoka.

Sikilizeni vizuri namna ugomvi wa mdahalo unavyokwenda nyumbani. Huanza na wagombea: yule alijibu, yule hakujibu. Halafu huja juu ya mwenzi: "Wewe huwezi kuona ukweli." Halafu, bila mtu kukusudia, neno moja dogo hubadilika: "Nyinyi ndivyo mlivyo. Watu wenu siku zote ni hivyo."

Mama huyo amekaa kwenye kiti peke yake. Ni mmoja. Lakini mumewe amemwambia "nyinyi". Kwa neno hilo amemwondoa katika ndoa na kumrudisha kwa ukoo wake, kwa kabila lake, kwa watu ambao hata hawamo chumbani. Hazungumzi tena na yule aliyemwoa. Anazungumza na kundi. Na mama naye akijibu, "Kwani nyinyi je?" basi sebule ina makundi mawili, na watoto wamekaa katikati wakijiuliza wao ni wa kundi lipi.

Tusidhani hili ni jambo dogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika nchi yetu, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Nyumba za mseto zilijaribiwa vikali. Kuna waliosimama mlangoni kuwatetea wake zao na waume zao, na kuna walioona afadhali kila mtu arudi kwao. Mapanga hayakuanzia barabarani. Yalitanguliwa na maneno, na neno "nyinyi" lilikuwa mojawapo.

Hata mahali pasipo siasa, upofu huu unafanya kazi yake. Mama yangu akisema neno kali, nasema ni uzee. Mama yako akisema neno lile lile, nasema ni ujeuri. Ndugu yangu akikopa na asirudishe, amekwama. Ndugu yako akifanya hivyo, ni tapeli. Mdahalo wa televisheni unatuonyesha kwa saa tatu jambo tunalolifanya mwaka mzima.

Shahidi wa pili

Wengine watasema: basi tusizungumze siasa nyumbani. Sishauri hivyo. Kunyamaza huko huleta amani ya juu juu, na kila mmoja hubaki na mizani yake iliyopinda. Wengine watasema: basi kila mtu yuko sawa kwa upande wake. Hapana, hilo nalo si kweli. Mgombea alisema jambo au hakulisema. Tarakimu aliyoitaja ni sahihi au si sahihi. Ukweli upo, ila jicho moja halitoshi kuuona wote.

Na hapa ndoa inatupa kitu ambacho mtu mpweke hana. Mbele ya runinga hiyo ameketi shahidi wa pili, aliyetazama yale yale kutoka mahali pengine, na ambaye hana sababu ya kukutakia mabaya. Shabiki mwenzako katika baa hawezi kukuonyesha usichokiona, kwa kuwa naye hakioni. Mkeo anaweza. Mumeo anaweza. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwashauri Wakristo wawe tayari zaidi kulielewa neno la mwenzao kwa wema kuliko kulihukumu, na pale wasipoelewa, wamuulize ana maana gani. Ushauri huo aliuandika kwa ajili ya mambo ya roho, lakini unafaa sana sebuleni wakati wa kampeni.

Kwa hiyo nawapendekezea mambo matatu mdahalo mwingine utakapofika.

Kwanza, kabla ya kusema nani ameshinda, kila mmoja ataje jambo moja zuri alilolisema mgombea wa mwenzake. Liwe jambo la kweli, si la kejeli. Ukishindwa kupata hata moja kwa saa tatu, tatizo huenda si la mgombea.

Pili, badilisheni majina. Ukitaka kulaumu au kusifu, jiulize: kama yule mwingine ndiye angelisema neno hili, ningesemaje?

Tatu, mwenzako akitofautiana nawe, muulize, "Umeona nini pale?" Usimuulize, "Huoni?" Maswali hayo mawili yanakaribiana kwa maneno, lakini la kwanza linataka kujua na la pili limekwisha kuhukumu.

Na jambo hili tuliseme wazi, hasa kwetu sisi akina baba: kura ya mkeo si yako. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 38, inampa kila raia aliye mtu mzima haki ya kupiga kura ya siri. Mume anayedai kujua karatasi ya mkewe iliwekwa alama wapi, au mke anayemnunia mumewe kwa kura yake, anadai kitu ambacho hakuahidiwa siku ya ndoa. Siku ile hatukuapa kuwa waaminifu kwa chama. Tuliapa kuwa waaminifu kwa mtu, tena mbele ya mashahidi.

Wagombea wale 8 wa mwaka 2013 walishuka jukwaani, na wengi wao tumewaona tangu wakati huo wakibadili vyama, wakiungana, wakiachana na kuungana tena. Aliyekuwa mpinzani jana amekuwa mwenzi leo. Wao wanajua kurudiana. Itakuwa hasara iliyoje ikiwa wao wamekwisha kupeana mikono, na sisi bado tumenuniana kwa ajili yao.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni mgombea gani tuliyewahi kumtazama pamoja tukamwona tofauti kabisa? Kila mmoja wetu alikuwa ameweka nini moyoni kabla ya kumsikia?

2. Je, tumewahi kuambiana "nyinyi" mahali palipofaa "wewe"? Watoto walikuwapo?

3. Ni jambo gani moja ambalo mwenzangu ameniambia mara nyingi kwamba silioni, nami sijawahi kukaa chini nikalitazama?