Nukta Iliyokwenda Kando

"Mjomba, hii nembo au wasifu?"

Mpwa wangu alikuwa ameinamia kishikwambi chake, nami nimemsogezea karatasi niliyoihangaikia wiki nzima kila baada ya isha. Kulikuwa na kitabu kilichofunguka, sindano na uzi, tanga la jahazi, kishada cha karafuu, kipande cha mlango wa nakshi, na katikati yake herufi ya kwanza ya jina langu imejibana kama abiria wa mwisho wa daladala ya Fuoni. Akavihesabu kwa kidole, kimoja kimoja, ndipo akaniuliza.

Kazi yangu ni kujalidi vitabu, hapa mjini Unguja. Watu huniletea misahafu iliyochoka, vitabu vya hesabu vya maduka, kumbukumbu za wazee zilizoliwa na mchwa. Siku hizi nashona pia madaftari mapya, na wageni huyanunua. Mwaka jana nikalikuta daftari langu dukani linauzwa kwa jina la mtu mwingine. Nililijua kwa mshono wake, lakini mshono si ushahidi, nikaenda zangu. Usiku ule nikakata shauri: nitafute alama yangu, niipige nyuma ya jalada, pembeni, yaishe.

Nilidhani ni jambo la siku mbili. Kwani pwani hii imetia alama kwenye mali tangu zamani. Angalia kanga. Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alikuwa akichapisha kwenye kanga zake herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Dada yangu anazo doti kadhaa za namna hiyo kabatini. Jina la kanga linasema lake kwa herufi kubwa, la mapenzi au la kumsuta jirani, na Abdulla amejikalia zake ukingoni kwa herufi ndogo. Wanawake wangapi wamepita Darajani wamejifunga mali ya Abdulla, na sijasikia mume aliyeuliza Abdulla ni nani.

Kanga ilinipa moyo. Milango ikanivunja. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa nakshi, mzee tunayejuana siku nyingi, nimuulize wenzake wa zamani walikuwa wakitia wapi alama zao. Akacheka. Kizingiti cha juu kinaweza kuwa na aya, au mwaka, au jina la mwenye nyumba. Miimo ina mnyororo, samaki, mayungiyungi, na waongoza watalii wana maelezo ya kila kimoja, mengine ya kweli na mengine ya njaa. Fundi mwenyewe humwoni. "Mwenye nyumba ndiye anayeingia," akaniambia. "Mie nikimaliza natoka." Kisha akaichukua karatasi yangu, akaigeuza huku na huku. "Hii kwa patasi siiwezi. Ukinipa vitu vingi hivi nitakutolea doa."

Nikarudi kwa mpwa wangu. Anasomea usanifu wa michoro, na darasa lake la kwanza kwangu lilikuwa fupi: nembo isomeke kwa rangi moja, isomeke ikiwa ndogo kama ukucha, na mtu aliyeiona mara moja aweze kuichora mchangani. Tukaanza kutoa. Karafuu ikaondoka, tanga likaondoka. Mlango niliutetea usiku mzima, nao ukaondoka. Kwenye kishikwambi mambo ni mepesi mno. Ukikosea unagusa kishale, kosa limefutika, hata kovu halibaki. Akanionyesha pia kwa nini mchoro wangu niliopiga picha kwa simu ukikuzwa unavunjika vijiraba, na ule uliochorwa upya kwa mistari ya hesabu unaweza kukuzwa hata ukafunika ukuta wa Ngome Kongwe bila kupoteza umbo. Nilifurahi kama mtoto. Siku ya nne tulikuwa na nembo safi, iliyonyooka, ambayo ingeweza kuwa ya benki.

Basi ndipo akanitajia Freddie Mercury. Mji huu haujakubaliana namna ya kumtaja mtu huyo, na mimi si shabiki wa muziki wake. Nilijua alizaliwa hapa hapa, tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Kiparsi, jina lake Farrokh Bulsara. Nilijua wazazi wake waliondoka naye kwenda Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Na makumbusho yake pale Shangani nayapita kila siku. Nililokuwa silijui ni kwamba kabla ya kuvuma kwa kuimba alisomea kazi hii hii ya mpwa wangu, chuo cha sanaa cha Ealing, London, akahitimu 1969. Nembo ya kundi lake la Queen aliichora kwa mkono wake, muda mfupi kabla ya albamu yao ya kwanza ya mwaka 1973.

Mpwa wangu akaifungua, akaikuza. Ina vitu vingi kuliko yangu! Herufi Q yenye taji ndani, simba wawili wameishika, kaa juu yake, mabinti wawili wadogo wenye mabawa, na juu ya wote ndege feniksi amekunjua mbawa zake. Nikataka kumwambia, unaona, hata yeye. Lakini kila kitu pale kina mtu wake. Aliyechora alizichukua nyota za wote wanne wa kundi, zile zile tunazozisoma gazetini. Wawili walikuwa Simba, wakapewa simba. Mmoja alikuwa Kaa, akapewa kaa na kuwekwa juu ya herufi. Yeye mwenyewe alikuwa Mashuke, na Mashuke kwa Wazungu ni mwanamwali. Ndio wale mabinti wenye mabawa, chini ya simba. Kijana aliyekuwa na kalamu mkononi, ambaye baadaye dunia nzima ingelijua jina lake, alijipa pembe ya chini.

Nililala na hilo. Kwenye karatasi yangu vyote vilikuwa mimi. Kitabu mimi, sindano mimi, jahazi la babu mimi. Hata ile iliyonyooka ya kishikwambi ilikuwa mimi nimevaa suti. Hapakuwa na pahala pa mtu atakayelishika daftari.

Asubuhi nikazitandika sakafuni karatasi zote za mwanzo, zile chafu. Kwenye kishikwambi nisingeweza, makosa yake yalikwisha kufutwa. Pembeni ya karatasi moja, pale nilipokuwa najaribu kama kalamu inatoa wino, nilikuwa nimeandika nun, herufi ya kwanza ya jina langu kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Bakuli na nukta. Mkono uliiandika bila mimi kuutuma. Nayo ndiyo herufi inayofungua sura ya Kalamu; kwa mtu wa madaftari sikuona la kuongeza.

Mpwa wangu akaichora upya, akaikaza: tao moja nene, nukta moja juu, katikati kabisa. Nikaichapa kwenye kipande cha karatasi, nikaenda nayo Jaws Corner wakati wa kahawa, nikaiweka juu ya baraza bila kusema neno. Wa kwanza akasema kikombe na punje ya buni. Wa pili, ambaye amevua maisha yake yote, akasema mashua na mwezi. Wa tatu akawatazama wenzake kwa huruma: "Nun hiyo. Nyie hamkwenda chuoni?" Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Hakuna aliyeniuliza ni ya nani, nami sikuwaambia.

Fundi akanichongea muhuri kwa kipande cha mfenesi. Muhuri huchongwa kinyume ili ukipigwa usome sawa, lakini nun hii ukiigeuza ni ile ile, akafurahi kwa kuokolewa kazi. Kazi ikawa kwenye nukta. Tao ni rahisi kuliacha limesimama. Nukta ni kisiwa cha mti kisichozidi punje ya choroko, na kila upande unachimba. Patasi ikamteleza mara moja. Kijisehemu cha kushoto kikaruka. Akaizungusha kwa taratibu mpaka ikawa duara tena, ila imesogea. Kwenye mti imeelemea kulia, kwenye karatasi hutokea kushoto. Akataka kuanza upya kwa kipande kingine. Nikamlipa, nikautia mfukoni.

Nimeshapiga madaftari sitini na mbili. Juzi mpwa wangu alikuja na kishikwambi, akauweka muhuri juu ya meza kando yake, akalinganisha. Akasema faili ni sahihi, ila mti umekosea, na ipo mashine inayochonga mihuri kwa kufuata faili, haikosei hata unywele.

"Isogeze ya kwako," nikamwambia.

Akanitazama. Kisha akaweka kidole juu ya nukta, akaivuta kushoto. "Hapo?"

"Bado kidogo."

Akaivuta tena.