Waliokamatwa kwa Kukaa Nyumbani

Jumapili ya Machi 29, 2020, ilikuwa imepita wiki moja tu tangu Uganda itangaze mgonjwa wake wa kwanza wa Korona. Shule zilikuwa zimefungwa, makanisa na misikiti kimya, magari ya abiria yamesimamishwa, na serikali ilikuwa na neno moja asubuhi na jioni: kaeni nyumbani. Huko Kyengera, mji mdogo kando ya barabara ya Masaka, magharibi mwa Kampala, kulikuwa na nyumba moja ambayo wakazi wake walifanya hivyohivyo. Walikamatwa humo humo ndani.

Nyumba hiyo ilikuwa hifadhi ya shirika liitwalo Children of the Sun Foundation. Walioishi pale walikuwa vijana wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia, wengi wao wakiwa wamefukuzwa na ndugu zao au wameona heri kuondoka kabla ya kufukuzwa. Majirani walipeleka malalamiko, na meya wa mji akaja akiongozana na polisi. Watu 23 walikamatwa. Picha za video za siku ile zilisambaa kwenye simu za watu: vijana wamefungwa kamba mikononi kwa msururu, na kiongozi mwenye fimbo akiwachapa huku akiwahoji mbele ya umati. Kisha wakaswagwa kwa miguu hadi kituo cha polisi. Nyumba ilipopekuliwa, vitu vilivyobebwa kama ushahidi vilikuwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, vifaa vya kujipima na kondomu.

Tazama vitu hivyo kwa makini. Hakuna hata kimoja kinachohusiana na Korona. Anayekwenda kukagua msongamano huhesabu vitanda, huuliza kama kuna maji na sabuni, huangalia madirisha. Waliokwenda Kyengera walikuwa wanatafuta kitu kingine. Baadaye ndipo ilipopatikana sheria ya kuwabana nayo: kutotii amri halali, na kufanya kitendo cha uzembe kinachoweza kueneza ugonjwa, kosa ambalo katika sheria ya Uganda linaweza kumpeleka mtu jela miaka saba. Watatu waliachiliwa kwa sababu za kiafya. Ishirini wakapelekwa mahabusu katika gereza la Kitalya.

Hapa ndipo mtu mwenye akili timamu anapopaswa kusimama. Vijana hawa waliambiwa kuwa wamesongamana mno katika nyumba yao, kwa hiyo wakahamishiwa gerezani, wakati magereza ya Uganda yalikuwa na watu takriban mara tatu ya uwezo wake. Mawakili wao walipokwenda kuwaona walizuiwa, na sababu waliyopewa ilikuwa ileile: Korona. Hawakuonana na wakili kwa zaidi ya siku 40. Walipotoka walisimulia kupigwa na kudhalilishwa, na askari pamoja na wafungwa wenzao.

Watu wengi tuliokaa karantini mwaka ule tunakumbuka upweke wake. Lakini upweke wetu ulikuwa na mlango. Ulikuwa na mama anayepiga simu kuuliza kama tumekula, na rafiki anayetuma ujumbe wa sauti. Kijana aliyefukuzwa nyumbani anakuwa amejitengenezea ndugu wengine, mmoja mmoja, kwa miaka: huyu anampikia, yule anamkumbusha dawa, mwingine anakaa naye usiku anaposhindwa kulala. Ndugu hao hawaandikwi popote. Amri ya karantini inatambua kaya, yaani baba, mama na watoto chini ya paa moja. Watu 20 wasio na damu moja, wanaokula chungu kimoja, macho ya sheria yaliwaona kama mkutano usioruhusiwa. Mawakili wao walisisitiza jambo jepesi kulielewa: watu hawa walikuwa kwao.

Na wale ambao hawakuwa na hifadhi? Walirudi kwa wazazi, kwa sababu vyuo vilifungwa na vibarua vilikauka. Wakaishi miezi katika vyumba ambamo kila neno linapimwa. Simu inapokelewa chooni huku bomba limefunguliwa ili sauti isisikike. Mtu anajizoeza upya sauti aliyokuwa ameiacha, mwendo aliokuwa ameuacha, na jioni anacheka utani unaomsema yeye mwenyewe ili asishukiwe. Huko nje alikuwa na masaa machache kwa siku ya kuwa yeye. Karantini ilimnyang'anya hayo. Victor Madrigal-Borloz, aliyekuwa mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili na ubaguzi dhidi ya watu hawa, aliwasilisha ripoti kuhusu janga hili mwaka huohuo wa 2020, na jambo aliloeleza ni hilohilo: agizo la kubaki nyumbani liliwafungia wengi pamoja na watu wanaowaumiza.

Uganda haikuwa peke yake. Panama iliamuru kuanzia Aprili 1, 2020 kwamba wanawake watoke siku zao na wanaume siku zao, kwa kufuata kitambulisho. Mtu aliyebadili jinsia alizuiwa siku ya wanawake kwa sababu ya kitambulisho, akazuiwa siku ya wanaume kwa sababu ya sura. Wapo waliokamatwa na kutozwa faini wakiwa njiani kununua chakula. Peru ilijaribu mpango kama huo na kuuacha baada ya siku chache.

Kuna nchi moja iliyoona mapema kidogo hatari ya kuwatisha watu kama hawa hadi wajifiche, na inafaa kuitazama. Mwanzoni mwa Mei 2020, mjini Seoul, Korea Kusini, mtu mmoja aliyetembelea vilabu vya usiku vya mtaa wa Itaewon alikutwa na virusi. Vyombo vya habari vikapiga kelele kwamba baadhi ya vilabu vilikuwa vya wapenzi wa jinsia moja. Matokeo yalikuja haraka: maelfu ya waliokuwa kwenye orodha za vilabu hawakupatikana. Simu hazikupokelewa. Wengine walikuwa wameacha namba za uongo. Walijua kwamba kupimwa kungewagharimu kazi na familia kwa siku moja. Utawala wa jiji ukabadili utaratibu: njoo upimwe, toa namba ya simu tu, jina hatulihitaji. Idadi ya waliojitokeza ikapanda kwa kasi. Daktari hakuhitaji kujua siri ya mtu ili amtibu, na mtu hakuhitaji kuitoa ili jirani yake awe salama.

Wahenga walisema adui mwombee njaa. Kyengera ilionyesha kwamba wapo wanaomwombea adui maradhi, na wakipewa amri ya dharura wataitumia kulipiza kinyongo walichokuwa nacho tangu zamani. Baada ya siku ile, ni kijana gani wa aina yao angekwenda zahanati akisikia homa? Ni nani angemtajia mhudumu wa afya watu aliokaa nao? Homa hiyo ikifichwa, haibaki kwa aliyeificha. Inapanda bodaboda na kufika sokoni, na majirani waliolalamika nao hununua nyanya soko hilohilo.

Mwezi Mei Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliondoa kesi ya vijana wa Kyengera, na Mei 18 wakaanza kuachiliwa. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu mjini Kampala iliamua kwamba kuwanyima mawakili kulivunja haki zao, na ikaagiza kila mmoja alipwe fidia ya shilingi milioni tano za Uganda. Hukumu ilikuwa ya haki, lakini video ya fimbo haikufutika kwenye simu za watu, na wazazi walioiona waliiona. Miaka mitatu baadaye, Mei 2023, Rais Museveni alitia saini sheria mpya dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na ndani yake, hadi mwaka 2024, mlikuwa na adhabu kwa anayejua kuwa nyumba yake inatumika kwa mambo hayo. Hofu ya kumpa kijana kama huyo chumba cha kulala ikaongezeka maradufu.

Nayo magonjwa hayakungoja. Mwaka 2022 Ebola iliingia Mubende na watu wakazuiwa kutoka wilayani. Januari 2025 ikatokea tena, safari hii Kampala kwenyewe. Amri nyingine ya kukaa nyumbani itakuja, pengine kwenu, pengine kwetu. Wewe mwenyekiti wa mtaa utakayepewa kuitekeleza, ukifika mlango wa nyumba ya watu usiowapenda, uliza kama wana maji, chakula na dawa, kisha uondoke. Na wewe mzazi ambaye mwanao hajulikani analala wapi, mpigie simu sasa, kabla barabara hazijafungwa.