Je, Mkono Husema Uongo?

Swali ninalolijadili katika insha hii nilikutana nalo mikononi mwangu kabla sijalikuta darasani. Mtu akitengeneza kitu kibovu kikaonekana kizima, kisha akakiuza bila kutamka neno lolote la uongo, je, amedanganya? Wenzangu wengi niliowauliza walijibu upesi, "Hapana, kama hakuulizwa." Hata mimi nilikuwa nikiamini hivyo. Naomba nieleze kilichonitoa huko.

Katika likizo ya kuingia mwaka wa pili nilinunua klarineti katika soko la Owino, hapa Kampala. Jina rasmi la soko hilo ni Mtakatifu Balikuddembe, lakini ukimtajia mwendesha bodaboda jina hilo atakuuliza kama unamaanisha Owino. Ilikuwa kwenye viatu na mikoba ya mitumba, ndani ya kibegi cheusi ambacho muuzaji alidhani ni cha vifaa vya daktari. "Kasitoma, leta laki moja na nusu, begi na vyuma vyake," akasema. Nilikuwa nimepiga klarineti miaka minne katika bendi ya shule, kwa hiyo nilitambua kwamba mwili wake haukuwa wa plastiki. Ulikuwa wa mpingo. Huu ni mti uleule ambao Wamakonde huchongea vinyago, na mwingi wa unaotengenezewa klarineti huko Ulaya hutoka kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Ulikuwa umevuka bahari, ukapulizwa na watu nisiowajua, ukarudi Afrika Mashariki katika robota la mitumba. Sikumwambia muuzaji chochote. Nililipa nikaondoka. Jambo hilo nitalirudia.

Klarineti huvunjwa vipande vitano. Ncha ya kipande kimoja, ambayo kwa lugha ya seremala tungeiita ulimi, huingia katika tundu la kipande kinachofuata. Ndimi hizo ni nne, na kila moja imezungushiwa kizibo, yaani ukanda mwembamba wa lile gome laini linalofungia chupa za mvinyo. Gome hilo hutoka kwenye mwaloni unaoota Ureno na nchi jirani, nao hubanduliwa kila baada ya miaka tisa hivi bila mti kukatwa. Kazi ya kizibo ni kubana ili hewa isivuje na vipande visicheze. Vizibo vya klarineti yangu vilikuwa vimekauka kama mkate wa juzi. Vitatu vilipukutika nilipovigusa kwa ukucha.

Kazi ya kuvibadilisha mtu anaweza kuifanya nyumbani. Unakwangua gome la zamani na gundi yake mpaka mbao ionekane, unapangusa kwa spiriti, unakata ukanda mpya wenye upana wa mfereji wa ulimi, na ncha yake moja unaipiga mshazari kwa wembe ili ncha ya pili ilale juu yake bila nundu. Unapaka gundi pande zote mbili, unasubiri ikauke hadi isishike kidole, ndipo unazungusha. Baada ya hapo unakaa na msasa. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu gome huwa nene kuliko linavyotakiwa, na mwenye haraka hulisugua kupita kiasi likalegea, au huliacha likabana mno hadi mchezaji anapolazimisha na kupasua mbao. Unasugua kidogo, unajaribu, unasugua tena. Mwisho unapaka grisi.

Gome zima la unene unaofaa sikulipata Kampala. Fundi viatu mmoja pale Owino alinipa soli ya ndani ya kandambili za mtumba, iliyotengenezwa kwa gome lililosagwa na kugandishwa kwa gundi. Ukilisugua hilo hadi liwe jembamba, linamomonyoka. Lakini nilikuwa na njia nyingine, nami niliijua. Zamani mafundi walizungushia ndimi hizo uzi uliopakwa nta, na zipo ala zinazofungwa hivyo hadi leo. Uzi ukizungushwa vizuri hubana vizuri. Kasoro yake ni moja tu: uzi unaonekana ni uzi. Mnunuzi angeuona akauliza, na bei ingeshuka.

Basi nikafanya hivi. Nilizungusha karatasi ya daftari iliyopakwa gundi ili kujaza unene, na juu yake nikabandika ngozi nyembamba ya lile gome la kandambili. Nikalainisha, nikapaka grisi, nikafuta. Kwa macho ilikuwa kazi safi sana. Naungama kwamba niliifurahia.

Mnunuzi alikuwa mama anayeuza maharage upande wa vyakula wa soko hilohilo. Mtoto wake alikuwa ameingia kidato cha kwanza katika shule yenye bendi, na mwalimu alikuwa amewaambia wazazi kwamba mwenye ala yake atapewa nafasi ya majaribio.

"Mwanangu, mimi sivijui vitu hivi," akaniambia. "Inalia?"

"Inalia, mama."

Nikaipiga mbele yake, ikalia. Akanipa laki nne na nusu, noti ndogondogo nyingi zikiwa na vumbi la maharage. Hakuna neno hata moja nililosema ambalo halikuwa kweli.

Mwezi mmoja baadaye nilipita kwake kununua maharage. Akaniambia mtoto alishindwa majaribio. Sauti za chini zilikuwa zinakatika au kupiga ukelele, na mwalimu akaamua kwamba hana pumzi. Alikuwa amepewa matoazi. Mama yule hakunilaumu hata kidogo. Aliniomba nimsaidie kuitafutia klarineti mnunuzi mwingine, "maana mtoto amegundua si kipaji chake."

Mimi nilijua kilichotokea. Pumzi ya mpigaji ina unyevu. Karatasi ililowa ikalainika, kiungo cha katikati kikaanza kucheza, na pale katikati pana mkono mdogo wa chuma unaounganisha vibonyezo vya juu na vya chini. Kiungo kikicheza, mkono huo haukai sawa na sauti zinaharibika. Mpigaji mzoefu angeligundua jambo hili dakika ya kwanza. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliligundua pia, kwa njia yake: aliona kwamba mwenye kasoro ni yeye.

Sasa turudi kwenye hoja. Mwaka 44 K.K. Mroma Cicero alimwandikia mwanawe, ambaye alikuwa mwanafunzi kule Athene, kitabu kuhusu wajibu. Ndani yake anawashindanisha wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babiloni na mwanafunzi wake Antipater, juu ya mtu anayeuza nyumba yenye kasoro ambazo yeye peke yake anazijua. Antipater anasema lazima aziseme. Diogenes anajibu kwamba kunyamaza si sawa na kuficha. Mnunuzi hakulazimishwa, na ana macho yake. Hoja ya Diogenes imo katika Kiswahili, tena kwa ufupi zaidi: mwenye macho haambiwi tazama. Ukishinda Owino siku moja utaisikia katika kila kibanda kwa namna moja au nyingine, na kwa sehemu kubwa ni ya haki. Anayenunua shati la mtumba anajua ni la mtumba. Bei yenyewe inamweleza.

Wala sidai kwamba kila ukarabati usioonekana ni udanganyifu. Mafundi cherehani wa pale hugeuza kola iliyochakaa, ule upande mzima ukaja juu, na mshono usiuone. Kama ingekuwa lazima kila mshono ujitangaze, ufundi wote ungekuwa kosa. Lakini kola ile ikishageuzwa imepona kweli. Inaahidi kwa macho kile ambacho itakitimiza mwilini. Kizibo changu kiliahidi kwa macho kile nilichojua hakitakitimiza. Kwa hiyo nadhani tunakosea tunapouliza kama muuzaji alisema au alinyamaza. Nilipochagua gome la kandambili nikauacha uzi, mkono wangu ulikuwa umeshasema. Kinywa kilikuja baadaye, nacho kilinyamaza kwa sababu hakikuwa na haja ya kuongeza kitu.

Kiswahili kina neno kwa tendo hilo: kughushi. Leo tunalitumia zaidi kwa vyeti na sahihi, lakini asili yake ya Kiarabu ni pana na inafika hadi sokoni. Waislamu wanasimulia kwamba Mtume Muhammad alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, akakuta chini kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione. Ninachokipenda katika kisa hicho, mimi ambaye si Mwislamu, ni kwamba muuzaji hakuulizwa alisema nini. Aliulizwa alipanga vipi.

Ipo hatua moja zaidi ambayo sijaikuta kwa Diogenes wala kwa Antipater, labda kwa sababu wao walizungumzia wanunuzi watu wazima na nyumba. "Mwenye macho haambiwi tazama" inamhitaji mwenye macho. Mwanafunzi ananunua ala ili apate macho hayo. Shati likichanika, mvaaji hulaumu shati. Chombo cha kujifunzia kikiwa na kasoro iliyofichwa, anayejifunza hana namna ya kuitofautisha na udhaifu wake. Fedha ya mama yule ningeweza kuirudisha. Lakini niliuza pia hukumu juu ya mtoto, na hukumu hiyo ilitamkwa na mwalimu mwaminifu kabisa, mbele ya wenzake. Kwa hiyo naona wajibu wa kusema huwa mzito zaidi kwa kadiri mnunuzi atakavyojilaumu mwenyewe pale kasoro itakapojitokeza.

Na yule muuzaji wa begi? Cicero huyohuyo anamtaja Scaevola, ambaye alipotajiwa bei ya shamba alisema lina thamani zaidi akaongeza fedha. Mimi sikuongeza. Nimejitetea mara nyingi kwamba muuzaji ni mtu wa soko, kazi yake ni kujua anachouza, na kwamba sikugusa chochote ili kumpotosha. Utetezi huo unanitosha nusu. Sijarudi kwake.

Kwa mama wa maharage nilirudi, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimeondoka bila kusema. Nilimweleza yote, pamoja na karatasi ya daftari. Alisikiliza huku akiendelea kupepeta. Akauliza neno moja: "Ulijua?"

Nikasema nilijua.

Aliniita jina ambalo halifai kuandikwa hapa, akanipa klarineti. Rafiki yangu aliniletea gome zima kutoka Nairobi. Nilikaa nalo jioni tatu, vizibo vyote vinne, nikairudisha pamoja na laki moja na nusu, na nyingine bado ninalipa kidogokidogo. Nilimweleza mtoto pia, mbele ya mama yake, na kumwonyesha ile karatasi iliyooza. Hakusema kitu. Aliunganisha vipande, akapiga sauti ya chini kabisa, ikatoka, akaipiga tena mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nilimwandikia mwalimu wake barua. Alijibu kwa upole kwamba nafasi ya klarineti imeshapata mtu hadi mwaka ujao. Mtoto bado anapiga matoazi shuleni. Klarineti anaipiga nyumbani usiku, na mama yake ananiambia majirani wameanza kulalamika.