Klipu Inayokatwa Mapema

Kila Oktoba ile klipu hurudi kwenye simu zetu. Picha imechakaa, sauti inakwaruza, na Mzee Jomo Kenyatta yuko hapa Kisumu akimtukana rafiki yake wa zamani, Jaramogi Oginga Odinga, mbele ya umati. Anaahidi kusaga watu kama unga. Mtu ameibandika zile sura za kucheka mpaka machozi, na kabla ya saa sita mchana imeshafika kwa grupu la familia, la mtaa, na la wasee wa shule ya msingi.

Kama hujui siku yenyewe, nikupe haraka. Ni tarehe 25 Oktoba 1969. Kenyatta amekuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, msaada ambao Odinga alisaidia kuutafuta. Ndiyo maana mpaka leo unamwambia makanga akushukishe Russia, ingawa kibao kina jina la Jaramogi. Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huo huo, na Kisumu bado ina kidonda kibichi. Umati unazomea, wakubwa wanarushiana maneno, kisha walinzi wanafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wengine wamesema kila mara kwamba ni wengi zaidi. Ndani ya siku tano chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini.

Klipu inakatwa kabla ya risasi. Sasa, ni sawa kuicheka?

Najua jibu la haraka. Wacha hizo bana, bila utani Kisumu tungeshakufa na presha. Kweli kabisa. Tena mimi nilifika hadi chuo kikuu, nikatoka kabla ya kumaliza, na katika miaka yote hiyo ya ada hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia siku hii. Klipu ya matusi ndiyo iliyonifundisha. Siwezi kusema ifutwe.

Lakini angalia utani wenyewe unakaa upande gani. Unakaa kwa mwenye maikrofoni. Yeye ndiye mjanja, yeye ndiye mwenye maneno makali, na sisi tunaomshangilia ni wajukuu wa wale aliokuwa anawatisha. Aliyekata klipu hakuongeza neno hata moja la uongo. Bado kijana wa Nakuru akiiona anajua tu kwamba wazee wa zamani walikuwa komedi. Mtu anaweza kudanganya kwa kunyamaza mapema.

Jipime hivi. Agosti 2017, polisi waliingia usiku kwa nyumba moja Nyalenda, na mtoto wa miezi sita, Baby Pendo, akapigwa, akafa siku chache baadaye. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho alisema polisi ndio wa kulaumiwa. Tuseme afisa mmoja angerekodiwa mlangoni akitoa tusi la kuchekesha. Nani angeituma kwa grupu na sura za kucheka? Basi kinachotutenganisha na 1969 ni miaka tu, na kwamba Pendo tunamjua kwa jina. (Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa mwaka 2013 kwa Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa mwenye maikrofoni. Ukitaka komedi, iko hapo.)

Baba mkubwa alikuwa mtoto wa shule siku hiyo, wamepangwa barabarani wapunge mikono. Nilidhani klipu atachukia. Anaipenda, anaicheka kutushinda sisi wote. Nikamuuliza.

"Nyathina, mimi sicheki matusi," akasema. "Hapo watu wote bado wako hai."

Sina hoja ya kumjibu. Yeye anaweza kuikata popote anapotaka, maana kipande kilichobaki anatembea nacho. Mimi na wenzangu wa bando la shilingi hamsini hatuna kipande hicho.

Kwa hivyo nikitumiwa, natuma mbele nikiongeza mstari mmoja: tarehe, hospitali, 11. Inaharibu utani, najua. Juzi nilimtumia binamu yangu aliyeko Nairobi. Akanijibu kicheko. Baadaye kabisa, usiku, ukaja ujumbe mwingine:

"Sasa hao 11 walikuwa nani?"