Mwenye Kulipa na Mwenye Kujua

Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa shule huko Bugomora, wilaya ya Kyerwa, ametuletea barua ndefu yenye uchungu, naye ataka tumjibu hadharani. Twamjibu kwa furaha, maana swali lake si lake peke yake.

Habari yenyewe ni hii. Kwa muda wa miaka mitatu mwalimu huyu aliweka akiba, kidogo kutoka mshahara wake na kidogo kutoka kahawa ya shambani, ili siku moja apande mlima Kilimanjaro na kuona jua likichomoza akiwa juu ya vilele vyote vya Afrika. Wakati wa likizo akaenda na walimu wenzake wanne. Wakapita njia ya Marangu, wakalala siku zilizopasa, wakafika Kibo, kwenye nyumba ya mwisho iliyo mita 4,720 juu ya bahari. Saa sita ya usiku wakaamshwa, wakanywa chai, wakawasha taa zao, wakaanza kupanda changarawe nyuma ya kiongozi wao, hatua moja moja, kama ilivyo desturi, ili mapambazuko yawakute ukingoni.

Hawajafika nusu ya mwinamo, mwalimu wetu akashikwa na kichwa. Akatapika mara mbili. Kiongozi akasimamisha msafara, akammulika usoni, akamwambia aende hatua kumi katika mstari ulionyoka, kisha akamwuliza majina ya watoto wake. Mwalimu akajibu, lakini, kama anavyokiri mwenyewe, alimsahau mmoja. Hapo kiongozi akasema neno moja tu: “Wewe unashuka.” Mwalimu akabisha, akasema amelipa kama wenzake, akaonyesha kwamba miguu yake ingali na nguvu. Haikumfaa kitu. Kiongozi msaidizi akamshika mkono, wakashuka, na wenzake wakaendelea. Jua lilipochomoza nyuma ya Mawenzi, alilitazama akiwa ameketi juu ya jiwe mlangoni pa nyumba ya Kibo, amejifunika blanketi, kati ya wapagazi waliokuwa wakingoja.

Aliporudi nyumbani, baba yake akamwongezea chumvi kwenye kidonda. “Mwanangu,” akamwambia, “umetoa fedha yote ile kwenda kutazama jua? Kwani hapa Bugomora halichomozi?”

Basi swali la mwalimu ni hili: “Mtu niliyemwajiri mimi, anayekula fedha yangu, ana haki gani ya kuninyima kile nilichokilipia?”

Kwanza twaungama kwamba hasira yake twaielewa. Akiba ya miaka mitatu si kitu cha kuchekwa. Tena swali lake lina mizizi mirefu, maana kila siku mwenye kulipa na mwenye kujua hukutana njiani: mgonjwa na daktari, mwenye nyumba na fundi, abiria na nahodha. Sisi wa mkoa wa Kagera hatuhitaji kufundishwa jambo hili kwa mifano ya mbali. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imejaa watu kupita kiasi, na mamia ya ndugu zetu wakafa maji. Kila aliyekata tiketi aliona kwamba ana haki ya kupanda, na kwa upande wake hakukosea. Lakini tiketi haiongezi nguvu ya meli. Fedha yaweza kumfanya mtu awe na haki juu ya mtu mwingine. Juu ya maji na juu ya mlima haina amri yoyote.

Sasa na tutofautishe mambo, maana ugomvi mwingi hutokana na kuchanganya. Mwalimu alinunua nini? Alinunua chakula, malazi, kibali cha kuingia katika hifadhi, na mgongo wa mpagazi wa kubeba mzigo wake. Hivi vyote alipewa. Alinunua pia ujuzi wa kiongozi, na uaminifu wake. Jua lenyewe hakulinunua, kwa kuwa hakuna mwenye kuliuza. Hata kilele hakukinunua, maana hakuna mwanadamu awezaye kuahidi kilele kwa mwingine. Kama kampuni fulani iliandika katika tangazo lake kwamba kila atakayelipa atafika, kampuni hiyo ilisema uongo, na lawama hiyo iwekwe mlangoni pake, si begani kwa kiongozi.

Mtu anayenunua ujuzi hununua kitu cha ajabu. Ukinunua jembe, jembe hufanya utakalo. Ukinunua ujuzi wa mtu, unanunua uwezo wake wa kukuambia “hapana” pale wewe unapotaka “ndiyo”. Ukiondoa uwezo huo, kilichobaki si kiongozi tena, ni mbeba taa. Daktari anayempa kila mgonjwa dawa aipendayo mgonjwa, huyo hana tofauti na mwenye duka.

Mwalimu atajibu: “Lakini mimi ni mtu mzima mwenye akili. Kwa nini nisiamue mwenyewe?” Jibu la swali hili twaliona katika ugonjwa wenyewe. Kule karibu na kilele, mita 5,895, mtu avutapo pumzi hupata kama nusu tu ya hewa safi anayoipata mtu wa pwani. Wengi huumwa kichwa tu, wakapona. Lakini wengine mapafu yao huanza kujaa maji, au ubongo huvimba, na hapo mtu huyumba kama mlevi, husahau, hukasirika bila sababu. Tiba iliyo kubwa kuliko zote ni kushuka, na kushuka mapema. Tazama basi jinsi jambo lilivyo gumu: akili ile ile inayotakiwa kuamua ndiyo iliyoguswa na ugonjwa. Mgonjwa ni mshitakiwa na hakimu kwa wakati mmoja, naye hujiachilia huru kila mara. Ndiyo maana kiongozi hakumwuliza mwalimu, “Wajisikiaje?” Alimwuliza majina ya watoto wake. Na mwalimu, ambaye kwa siku za kawaida hawezi kumsahau mtoto wake hata usingizini, alimsahau mmoja.

Wako watakaosema, “Hata hivyo maisha ni yake. Akitaka kuyahatarisha, ayahatarishe.” La, hatukubali. Kwanza maisha ya baba wa watoto si yake peke yake. Pili, kule juu hakuna mtu anayeanguka peke yake. Akianguka saa kumi za usiku katika baridi ile, watu wengine watamshusha gizani juu ya mawe, nao wana mapafu na wana watoto vilevile. Wapagazi hao, ambao huko mlimani huitwa wagumu, mizigo yao hupimwa kwa mizani langoni, kwa maana sheria yakataza mtu mmoja kubebeshwa zaidi ya kilo 20 za vitu vya wageni. Kuna sheria ya uzito wa mzigo. Uzito wa ukaidi wa mgeni hakuna mizani inayoupima.

Hata hivyo tusimwinue kiongozi kupita haki. Amri yake ina mipaka, na mwalimu anayo haki ya kuijua mipaka hiyo. Amri ya mjuzi ni halali pale tu inapotumikia faida ya yule anayeamriwa. Kiongozi anayemrudisha mtu kwa sababu yeye mwenyewe amechoka, au ili amalize kazi mapema, ni mwizi, sawa na aliyeingiza mkono mfukoni. Tena yampasa aeleze sababu, japo kwa maneno machache. Na aliyerudishwa asiachwe peke yake gizani. Tumepima kisa hiki kwa mizani hiyo. Sababu ilikuwapo, na mwalimu mwenyewe ameiandika. Msaidizi alitolewa ili ashuke naye. Maelezo ndiyo yaliyopungua, kwa kuwa “wewe unashuka” ni maneno makavu kwa mtu aliyeweka akiba miaka mitatu. Hapo twamlaumu kiongozi, lakini kwa lawama ndogo. Saa tisa za usiku, mita elfu tano juu ya bahari, si wakati wa hotuba.

Liko jambo jingine ambalo mwalimu amelitaja kwa mstari mmoja tu, karibu na mwisho wa barua, nasi twaliona kuwa kiini cha habari yote. Anasema kwamba mwisho wa safari, wenzake walipompa kiongozi bakshishi, yeye alizuia ya kwake.

Desturi ya bakshishi katika mlima ule yajulikana na wote. Waongoza wageni na wagumu huitegemea sana, na wengine huhesabu humo karo za watoto wao. Kila kiongozi ajua pia kwamba mgeni aliyefika kileleni hutoa kwa moyo mkunjufu, na aliyerudishwa hutoa kwa kinyongo au hatoi kabisa. Fikiri basi kishawishi kinachomngoja mtu huyo kila usiku. Mgeni amsihi aendelee. Mfuko wake mwenyewe wamsihi amwache mgeni aendelee. Kumpendeza mgeni na kujipendeza nafsi yake ni njia moja, nayo yaelekea juu. Akisema “shuka”, asema kwa hasara yake. Na hapo ndipo mwalimu angeweza kumtambua mkweli. Neno linalomletea msemaji faida, lisikilize kwa hadhari. Linalomletea hasara, naye akalisema, lipe uzito. Kiongozi yule aliuchagua uhai wa mwalimu, akaupoteza ujira wa ziada. Na mwalimu, kwa kuzuia bakshishi, amemfundisha kwamba safari ijayo anyamaze. Mgeni wa safari ijayo huenda akawa mtoto wa mtu mwingine wa Bugomora.

Kuhusu aibu ya kurudi, tunalo neno moja la faraja. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, wanaotajwa kuwa wa kwanza kufika kilele cha Kibo, walifika ukingoni tarehe 3 Oktoba 1889, wakakiona kilele mbele ya macho yao, wakageuka, kwa sababu saa zilikuwa zimekwenda na nguvu zimekwisha. Walipanda tena na kufika tarehe 6. Kama wasingegeuka siku ile ya kwanza, huenda majina yao tusingeyajua. Na nyuma yao, katika hema la juu, alikuwako Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki kulinda kambi katika baridi ile. Hakufika kileleni, wala bila yeye wasingefika wenzake.

Karibu zaidi na kwetu, mwaka 1861 Speke na Grant walifika Karagwe, wakapokewa na Mfalme Rumanyika. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mwezi wa Januari 1862 Speke aliruhusiwa kwenda Buganda, lakini Grant aliugua mguu, akabaki kwa Rumanyika miezi kadhaa. Speke alifika mahali Nile inapotoka ziwani mwezi wa Julai mwaka ule. Grant hakuwa pamoja naye. Lakini Grant alirudi kwao mzima, akaandika kitabu juu ya safari yao, akaishi mpaka mwaka 1892. Nchi yetu basi ilikwisha kumpumzisha mtu mmoja mkubwa ambaye hakufika alikokusudia, wala hatujasikia kwamba Rumanyika alimcheka.

Latubakia swali la mzee. Je, ni upuuzi kulipa fedha ili kutazama jua ambalo hupita bure juu ya migomba yetu kila siku? Hatuoni hivyo. Mtu aliyeamka usiku wa manane, akapanda kwa taabu, akaona giza likitengana na dunia chini ya miguu yake, amejifunza kulitazama jua kama zawadi. Hilo ni jema, na heri aliyelipata. Lakini mzee naye ana lake. Jua liwafikalo walio Kilimanjaro hufika Bugomora karibu nusu saa baadaye, bila kupungukiwa kitu njiani. Kama safari ya mlima yatufundisha kulidharau jua la nyumbani, tumepanda kwa hasara, hata tukifika kileleni. Kama yatufundisha kulipenda, basi hata aliyerudia katikati hakurudi mikono mitupu.

Neno letu kwa mwalimu ni hili. Haki ya kukasirika unayo kwa siku chache, zimekwisha kupita. Mlima haujahama, na waweza kuweka akiba tena, na safari hiyo ujipe siku moja zaidi ya kupumzika njiani ili mwili uzoee. Lakini kabla ya kuanza akiba hiyo, lipo deni dogo. Sheria haitakudai, wala yeye hatakudai. Jina lake unalo, kwa maana umeliandika katika barua yako kwa hasira. Mpelekee bakshishi yake kwa simu wiki hii, nawe umwandikie majina ya watoto wako wote, bila kumsahau hata mmoja.