Mara Saba Yordani: Mahubiri ya Majira ya Baridi



Baridi imeshuka Songea kutoka milima ya Matogoro. Alfajiri ukungu umelala mabondeni, watoto wanakwenda shule wamejikunyata ndani ya masweta, na kanisani kikohozi cha upande wa akina baba kinajibiwa na kikohozi cha upande wa akina mama. Tena ni wakati wa mavuno. Mahindi yanapukuchuliwa, magunia yanashonwa, kila mkono unatakiwa. Ndipo homa ya mafua inapobisha hodi, na mgonjwa anasema: nipeni dawa kali nipone leo, kesho nina kazi.

Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, mkamwone Naamani. Jemadari wa jeshi la Shamu, mtu wa heshima mbele ya mfalme wake, lakini mwenye ukoma. Habari ya uponyaji wake haikutoka kwa mwenye cheo. Aliileta binti mdogo, mateka, mtumishi wa mkewe. Naamani akafunga safari na fedha, dhahabu na mavazi. Alipofika mlangoni kwa Elisha, nabii hakutoka hata kumlaki. Alimtumia mjumbe tu: aende akajichovye Yordani mara saba. Jemadari akawaka hasira! Alitazamia jambo kubwa, akaambiwa aoge. Watumishi wake ndio waliomtuliza: kama angeagizwa jambo gumu angelifanya, mbona hili jepesi linamshinda?

Ndugu zangu, Naamani yuko kwetu. Yuko Lizaboni, yuko Mfaranyaki, yuko Bombambili. Akipiga chafya mbili anakimbilia duka la dawa kudai sindano. Ananunua vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili, anameza vitatu, vilivyobaki anamgawia jirani. Sikilizeni: homa ya mafua huletwa na virusi, na antibayotiki huua bakteria. Kwa virusi vya mafua haifanyi kitu. Ukiimeza ovyo unawafundisha bakteria waliomo mwilini kuizoea dawa, na siku mwanao atakapopata nimonia ya kweli, dawa ileile inaweza kushindwa. Anayekuambia upumzike na unywe maji hajakufukuza. Amekuonyesha Yordani.

Wala msiseme ni mafua tu. Nchi hii iliwahi kuonja. Mwishoni mwa Septemba 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck lilivuka Mto Ruvuma kurudi upande wetu, likapita nchi ya Songea kuelekea Ubena, na homa ya mafua pamoja na nimonia vikawapata askari na wapagazi wake. Jenerali Wahle wa jeshi hilo aliachwa Ubena, mgonjwa. Mwaka ule na uliofuata ugonjwa huo ulizunguka dunia nzima, na waliokufa wanakadiriwa kufikia milioni 50. Penisilini ya kutibu nimonia ilikuwa haijagunduliwa. Mgonjwa alibaki na mtu wa kumpa maji, kumfunika na kumlisha uji, na aliyekosa mtu huyo alikosa vyote. Uuguzi wa nyumbani si jambo dogo!

Basi twendeni majini, mara saba.

Mara ya kwanza: maji na sabuni. Sisi wa mji huu neno maji tunalijua kwa uchungu. Kila Februari tunawakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa hapa mwaka 1906, baada ya kuahidiwa kwamba maji ya mganga yangewakinga na risasi. Maji ninayowahubiria leo hayana siri wala masharti ya mganga. Ning'iniza kibuyu chirizi mlangoni, weka sabuni, sugua viganja, migongo ya mikono na katikati ya vidole, hesabu pole pole mpaka 20. Kohoa kwenye kiwiko, usikohoe kiganjani. Ninyi mnaopokezana lita moja ya komoni, kila mtu na kikombe chake! Na kwenye Misa, ukiwa na mafua, usione haya kutakia amani kwa kuinamisha kichwa. Huko nako ni kumpenda jirani.

Mara ya pili: hewa. Tunafunga madirisha kwa hofu ya baridi, tunalala sita chumba kimoja, tunavuta pumzi ya mgonjwa usiku kucha. Fungua dirisha mchana, jua liingie. Mgonjwa alale peke yake ikiwezekana, au walau mbali na mtoto mchanga na bibi. Na hili nalisema nikiwa nimepiga magoti: msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga mlango mkalala! Mkaa hutoa sumu ya kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunusika, na watu hufa usingizini bila kupiga kelele. Ongeza blanketi, vaa soksi, jiko libaki nje.

Mara ya tatu: pumziko. Hapa nataka kukaa, maana hapa ndipo tunapotenda dhambi. Baba akiugua, nyumba nzima hutembea kwa kunyata. Mama akiugua, huamka saa kumi na moja, anachota maji, anakoka moto, anapukuchua mahindi huku anatetemeka, na jioni tunamwuliza mbona ugali umechelewa. Dada wa kazi naye anapiga chafya juu ya sufuria, na hakuna anayemwuliza kama amekula. Mmesahau kwamba Naamani aliokolewa na neno la binti wa kazi? Mwili wenye homa unapigana vita. Ukiuongezea gunia la kilo 100 mgongoni, unaunyang'anya askari. Mpeni mama siku tatu za kulala. Baba, shika mwiko! Mtoto mwenye homa asiende shule mpaka amalize siku nzima bila homa na bila kidonge cha kuishusha. Mahindi yatasubiri. Mapafu hayasubiri.

Mara ya nne: kunywa na kula. Homa hukausha mwili. Maji yaliyochemshwa, uji mwepesi wa ulezi, supu ya kuku wa kienyeji, machungwa. Kidogo kidogo, mara kwa mara. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya, tena zaidi. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi nzito, ujue maji hayajatosha.

Mara ya tano: asali, tangawizi na limau. Mungu ameijaza mikoa hii ya kusini mizinga ya nyuki, na tangawizi inalimwa hapo Madaba. Twanga tangawizi, chemsha, kamua limau, ipoe kidogo, kisha tia asali. Kijiko cha asali kabla ya kulala hutuliza kikohozi. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata tone, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyomletea sumu ya kulegeza mwili. Koo likiwasha, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kwa homa na maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Aspirini asipewe mtoto. Wala tusidanganyane: vitu hivi haviui virusi. Vinampunguzia mgonjwa mateso wakati mwili wake unashinda vita, na kumpunguzia mtu mateso ni kazi ya Injili. Msamaria Mwema alianza na mafuta na divai.

Mara ya sita: nyungu. Mvuke hulainisha makamasi, na mtu mzima hupumua vizuri kwa muda. Sikatazi. Ila mtoto asifunikwe blanketi na sufuria ya maji yanayochemka; akipiga teke, ameungua uso na kifua, na umeongeza jeraha juu ya mafua. Mtoto mwoshe pua kwa matone ya maji safi yenye chumvi kidogo, yaliyochemshwa yakapoa.

Mara ya saba! Ndugu, Naamani angetoka mtoni baada ya mara ya sita, angerudi kwao na ukoma wake. Wengi wetu tunaishia hapo. Mara ya saba ni kujua mahali ambapo dawa ya nyumbani inakoma. Homa nyingi za mafua hupungua ndani ya siku nne, ingawa kikohozi huweza kudumu wiki mbili. Lakini huku kwetu kuna malaria, nayo huanza kwa kutetemeka vilevile. Homa yoyote ya mtoto ikapimwe. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, au wa miezi 2 hadi 12 akifikisha mara 50, au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, au akilegea au kushikwa na degedege, usichemshe tangawizi nyingine. Mbebe! Mtu mzima akikosa pumzi, akibanwa na kifua, akichanganyikiwa, au akipata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu, mpelekeni. Mjamzito, mzee, mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au VVU asingoje azidiwe. Zahanati ipo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo, hospitali ya Peramiho ipo. Yoshua bin Sira anatufundisha kwamba dawa zimetoka ardhini kwa mkono wa Bwana, na tabibu naye ni wa Bwana. Kumwombea mgonjwa na kumpeleka hospitali ni sala moja.

Basi ukimaliza kusoma, inuka. Jaza maji kibuyu chirizi. Toa jiko chumbani. Kisha mtazame aliyekohoa usiku mzima nyumbani mwako na bado anafanya kazi, mpokee mzigo, mwambie akalale, na wewe mwenyewe umpelekee uji kitandani. Fanya hivyo leo, kabla jua la Songea halijazama.

Amina.